Mtoto anasoma ukurasa mzima huku kitabu kimefungwa: uzi wa kufundisha kusoma, kuandika na tahajia

Mwalimu wa Madarasa ya Chini (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi arudi baadaye.

Nina miaka 11 katika madarasa ya chini. Mwaka huu nilikabidhiwa darasa la pili, na kuhusu mtoto mmoja nikaambiwa, "Huyu usihangaike naye, anasoma." Na kweli. Ukimpa kitabu cha darasa anakisoma ukurasa kwa ukurasa, sauti imenyooka, kidole kinatembea chini ya mstari. Wiki ya pili nikageuza ukurasa kabla hajaumaliza. Akaendelea na maneno ya ukurasa uliopita. Nikakifunga kitabu taratibu. Akaendelea mpaka nukta ya mwisho.

Nikachukua sentensi ya kitabu hichohicho, nikaiandika ubaoni kwa kuvuruga mpangilio wa maneno. Akasoma ile ya kitabuni. Nikaandika "pimoka", neno ambalo halipo. Akanyamaza, akaangalia mlangoni. Yale macho sijayasahau.

Mtoto huyu si mzito. Kichwa kinachobeba kitabu kizima kina nguvu kuliko vingi. Alifanya tulichomwomba: mwalimu anasoma, darasa linaitikia, mwalimu anasoma, darasa linaitikia. Ukiwa unaitikia, huna haja ya kutazama herufi hata moja. Mwaka mzima alikuwa akikariri, na sisi tukaandika kwenye ripoti kwamba anasoma.

Sasa kila mtoto ninayempokea nampima kwa maneno kumi ya kubuni: lapu, simeko, tobadi, namna hiyo. Dakika mbili tu. Asiyeweza kusoma "tobadi" hajajua kusoma bado, hata akikusomea kitabu chote cha darasa. Wazo hili si langu. Kule England, tangu 2012, watoto wa mwaka wa kwanza hupimwa kwa maneno 40, na 20 kati ya hayo ni ya kubuni, kwa sababu hiyohiyo: neno la kubuni halikaririki.

Yule mtoto nilimrudisha mwanzo kabisa, kwenye sauti. Nilianza na irabu tano, kisha m, l, s, n. Nilichagua hizo kwa sababu zinavutika. Unaweza kusema "mmmmm" kwa muda mrefu, halafu ukaiteleza mpaka kwenye "a", na mtoto akasikia kwa sikio lake jinsi "ma" inavyozaliwa. Sauti ya "b" au "t" haivutiki. Ukilazimisha unatamka "bu" au "te", halafu mtoto anakuambia "bu" na "a" ni "bua". Hizo nilizileta baadaye, akiwa ameshashika mchezo. Na msidhani kwa herufi chache hakuna cha kusoma. Kwa m, l na irabu tu unapata mama, mimi, lala, lima, mali, mila, lea, oa, ua. Siku ya nne alisoma "lima", akasimama, akasema, "Mwalimu, ni kulima!" Alikuwa hajawahi kukutana na neno lisilotoka kwenye kitabu chake.

Naomba walimu na wazazi mlete mliyoyaona. Nina mengi ya kuongeza, lakini nianze kwa kusikiliza.

Mzee wa Chaki

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kumgundua. Wengi wanapita hivyohivyo mpaka darasa la tano.

Ila kuna jambo nisilokubaliana nalo. Nimestaafu baada ya miaka 34 ubaoni na nilifundisha kwa ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili ni lugha ya silabi. Mtoto akiongea hasemi "m" halafu "a", anasema "ma". Kumkatia sauti moja moja ni kumpa kitu ambacho mdomo wake haukijui. Silabi anaishika mkononi, anaipiga makofi, anaiunganisha na nyingine, anapata neno. Nimetoa wasomaji wengi kwa chati ile ya silabi iliyochakaa. Tusitupe kila cha zamani kwa kuwa kuna kipya.

Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Shikamoo Mzee. Silabi siitupi, na hoja yako kwamba mtoto anaisikia silabi kabla ya sauti ni kweli tupu. Ninachokiogopa ni ile nyimbo. Mwonyeshe mtoto silabi "bu" peke yake, uone kinachotokea. Wengi wanasogeza midomo kimyakimya: ba, be, bi, bo... "bu!" Amepanda ngazi kuanzia chini ili aifikie ya juu. Kwenye neno "bure" anapanda ngazi mbili. Kwenye "barabara" ana nafuu, "ba" na "ra" zote ziko chini. Kwenye "kumbukumbu" anachoka njiani, na akifika mwisho mwanzo umeshamtoka.

Huyo anajua wimbo na nafasi ya kila silabi ndani yake. Hajajua kwamba ni b inayofanya kazi na u inayofanya kazi. Ukimfundisha hilo kwa b, akikutana na d hahitaji wimbo mpya.

Mzee wa Chaki

Marahaba. Hilo la ngazi nalijua, na dawa yake naijua pia. Chati yangu ilikuwa na pande mbili. Upande wa pili silabi zilikuwa zimevurugwa: bu, ki, me, bo, la. Fimbo yangu ilikuwa inaruka popote, juu, kona, katikati, na asiyetazama anapotea. Wimbo ulikuwa wa wiki ya kwanza tu. Waliokuja baada yetu walirithi wimbo wakaacha upande wa pili wa chati.

Hapo tumekutana, mwanangu. Endelea.

Mama wa Watoto Watatu

Habari za humu. Mimi si mwalimu, nahitaji msaada. Mwanangu wa pili yuko darasa la tatu. Kusoma anasoma, nimempima sasa hivi kwa maneno ya kubuni kayaweza. Shida ni kuandika. Anaandika "mze" badala ya mzee, "kondo" badala ya kondoo, "ju ya meza". Halafu anakata maneno vibaya: "ana kuja", "nita kwenda", na pengine anaunganisha yasiyounganishwa, "kwasababu". Anarudi nyumbani amepewa kila kosa aliandike mara 20. Juzi aliandika "mzee" mara 20 huku analia, na kesho yake kwenye imla akaandika "mze". Nifanye nini?

Msahihishaji

Dada, pole, na mpe pole mtoto. Nimesahihisha madaftari ya imla kwa miaka mingi na hilo la irabu mbili ni kosa ninalokutana nalo kuliko mengine. Nitakueleza kwa nini kuandika mara 20 hakukusaidia.

Mara ya kwanza aliangalia neno. Kuanzia ya pili alikuwa anachora. Wengi wanateremka kwa safu, m, m, m, m mpaka chini, halafu z, z, z, z. Mkono unafanya kazi, sikio limelala. Na kosa lake limeanzia sikioni: katika "mzee" anasikia e moja ndefu, anaandika e moja. Ukilitazama hivyo amesikia vizuri, ila hajui kwamba kwenye maandishi yetu irabu mbili zinazofuatana ni silabi mbili, kila moja na nafasi yake.

Fanya hivi. Chora visanduku kwenye karatasi, kimoja kwa kila sauti. Mpe mtoto vijiwe au vifuniko vya chupa. Sema neno polepole, naye asukume kijiwe kimoja ndani ya kisanduku kwa kila sauti anayoisikia. Njia hii inatokana na mwanasaikolojia wa Kirusi, Elkonin, na inatumika mpaka leo kwa sababu mtoto anayaona kwa macho yale ambayo sikio linayapitia haraka. "Juu": j, u, u, visanduku vitatu. Kisha weka "ju" pembeni yake, visanduku viwili, muulize tofauti iko wapi. Baada ya hapo ndipo atoe vijiwe na kuandika herufi.

Halafu mpe jozi ambazo kukosea kunabadilisha maana. Kanga na kaanga. Choo na cho (hili la pili halina maana, na ndiyo faida yake, atalikataa mwenyewe). Paa na pa. Mtoto akishaona kwamba herufi moja inageuza nguo kuwa kitendo cha jikoni, anaiheshimu herufi hiyo bila kuandika mara 20.

Hilo la "ana kuja" ni jambo lingine kabisa na linatoka mahali pazuri. Mtoto amesikia kwamba "ana" na "kuja" ni vipande viwili, na ni kweli ni vipande. Mwonyeshe kwamba "ana" hapo haiwezi kusimama peke yake. Mimi nawauliza, "Nikikuambia 'nita', umeelewa nini?" Wanasema hawajaelewa kitu. Basi haina miguu, lazima ibebwe. Lakini "kwa" na "sababu"? Sababu inasimama, ninaweza kusema "sababu gani?" Kwa hiyo inaachiwa nafasi. Kuna ambayo mtihani huu unayashindwa, mfano "ana kalamu", maana hapo "ana" imesimama. Hilo mfundishe baadaye, akiwa ameshika la kwanza.

Kijana wa Mtaani

Nafuatilia uzi huu kwa karibu. Hiyo ya "haina miguu" nimeichukua.

Baba Mlezi

Wakuu, swali. Binti yangu anajifunza kusoma kwa lugha mbili kwa pamoja, Kiswahili na Kiingereza. Kwa Kiswahili miezi michache tu alikuwa anasoma alama za barabarani. Kwa Kiingereza mwaka wa pili huu anasuasua, na mwalimu wake anasema ana tatizo. Mtoto mmoja anawezaje kuwa na akili asubuhi na kuikosa mchana?

Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Hana tatizo, mkuu, au angalau hiyo peke yake haionyeshi tatizo. Zile ni kazi mbili tofauti. Kiswahili kina herufi ya kila sauti, na herufi ikishajulikana inatamkwa vilevile popote. Kiingereza kinabeba tahajia za karne nyingi, irabu moja ina matamshi lukuki.

Philip Seymour na wenzake walitoa utafiti 2003 uliolinganisha watoto wa mataifa ya Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza shuleni. Waliosoma Kifini, Kigiriki au Kijerumani walipatia zaidi ya maneno 95 kati ya 100 ya kawaida. Waliosoma Kiingereza walipatia kama 34. Watoto wale hawakuwa wajinga, maandishi ndiyo yalikuwa mazito. Kwa tabia, Kiswahili kinakaa karibu na Kifini.

Kwa hiyo usimpime kwa saa moja kwenye njia mbili. Faida uliyonayo ni kwamba ameshajua siri ya kwamba herufi ni sauti. Siri hiyo inahamia lugha nyingine. Ila mwambie wazi kwamba baadhi ya herufi zinabadilika zikivuka. Watoto wengi wa lugha mbili wanasoma "kile" kwa Kiingereza, wanaandika "mee" wakimaanisha "mi", na wanaonekana wamechanganyikiwa kumbe hakuna aliyewaambia.

Mwalimu Mgeni

Naomba kuingilia. Ni mwaka wangu wa kwanza kazini na darasa ni kubwa. Silabi mbilimbili hazinisumbui, baba, kaka, mama wanaruka nazo. Wakifika "mtu" wanasoma "mutu". "Mbwa" wanasema "mubwa". Halafu "ng'ombe" na "ngoma" wanazisoma sawa. Nimejaribu kurudia tu, haisaidii.

Mzee wa Chaki

Mwalimu, karibu kwenye kazi. Umefika kwenye kona ngumu ya Kiswahili na vitabu vingi vinaipita mbio.

Watoto umewafundisha kwamba kila konsonanti inataka irabu. Wamekuamini. Sasa wanaona m haina irabu, wanaiazima moja. Waambie waziwazi kwamba m ni herufi inayoweza kujitegemea. Katika "mtu" m ni silabi nzima, m-tu, makofi mawili. Mdomo ufungwe kabisa kwenye m, na usifunguliwe mpaka t. Mimi nilikuwa nawaambia washike midomo kwa vidole viwili: mmm, achia, tu. Darasa zima likifanya hivyo "mutu" inakufa siku ileile, maana mdomo uliofungwa hauwezi kusema u.

Kisha ulinganishe "mbuzi" na "mbu". Mbuzi ni mbu-zi, hapo mb imeshikana. Mbu ni m-bu, m imesimama. Sababu ni kwamba neno lina silabi moja tu ya mwisho, na mkazo wetu unataka silabi ya pili kutoka mwisho, basi m inabeba mkazo. N inafanya vivyo hivyo: nchi ni n-chi, nne ni n-ne, nta ni n-ta. Watoto hawahitaji maelezo ya mkazo, wanahitaji makofi. Wewe mwalimu ndiye uyajue ili usiwapigishe vibaya.

Ng' na ng: usianze na maandishi. Anza na kinywa. Waimbe "ng'ng'ng'" kama anayeguna amefunga macho, wasikie inatoka puani. Kisha "ngo", wasikie g inagonga kooni. Ng'oa na ngoja, ng'ara na ngazi. Baada ya sikio kutenganisha, ndipo uwaambie kile kikoma cha juu ndicho kinachoizuia g isigonge. Anayekisahau kwenye imla ulizeni alisikia nini, mara nyingi atakijaza mwenyewe.

Msahihishaji

Niongezee kwa Mzee. Kuna makosa ya tahajia yanayoanzia kwenye matamshi ya nyumbani, na hapo tuwe wapole. Mtoto ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi l na r ataandika "kura" akimaanisha kula chakula, na "mahari" akimaanisha mahali. Asiyesikia h nyumbani ataandika "apa". Mwenye z badala ya dh, ataandika "zahabu". Mwenye s badala ya th, ataandika "samani" akimaanisha thamani, na zote mbili ni maneno halali, kwa hiyo hata jicho halimshtui.

Nimeona watoto wakichekwa mbele ya darasa kwa matamshi hayo, na baada ya hapo hawasomi tena kwa sauti mwaka mzima. Naumia sana nikikumbuka. Mtoto huyo hawezi kuandika tofauti ambayo hajawahi kuisikia. Kwanza asikie: mwalimu aseme "kula" au "kura", mtoto anyooshe mkono wa kulia au wa kushoto. Hakuna kutamka, hakuna kuandika, sikio tu, siku kadhaa. Kisha atamke. Mwisho aandike. Ukianzia mwisho unamwadhibu kwa jinsi mama yake anavyoongea.

Mama wa Watoto Watatu

Nimelia kidogo kwa hiyo sentensi ya mwisho. Asanteni. Leo jioni naanza visanduku.

Swali lingine, la mdogo wake. Ana miaka sita, anaandika b kama d, na jina lake pengine analiandika lote kinyumenyume kama kwenye kioo. Jirani ameniambia ni ugonjwa wa kusoma, nimwahishe.

Mtaalamu wa Elimu Maalumu

Mama, shusha pumzi. Miaka sita kuandika kama kwenye kioo ni kawaida kabisa. Maishani mwake mwote kabla ya herufi, kikombe kilikuwa kikombe kishikio chake kikiwa kulia au kushoto. Ubongo umejifunza kupuuza upande, na umefanya vizuri. Herufi ndizo kitu cha kwanza kinachomwambia kwamba upande una maana. Stanislas Dehaene, mtafiti wa ubongo wa Ufaransa, ameliandika sana hili: ubongo unapaswa kuacha ujuzi wake wa zamani kwa ajili ya herufi, na kuacha kunachukua muda. Msaidie kwa mkono. Aichore b kubwa hewani, kwenye mchanga, juu ya meza, kila mara akianzia mstari wa juu kushuka, kisha tumbo. Na d aanze na tumbo. Mianzo ikitofautiana, mkono unakumbuka. Usimfundishe b na d wiki moja. Acha moja ikomae kwanza.

Kuhusu disleksia, hicho ambacho jirani anakiita ugonjwa wa kusoma. Ipo, na haihusiani na macho wala uvivu. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy, mwerevu, mzuri katika hesabu, ambaye hakuweza kujifunza kusoma. Jina lake mwenyewe aliliandika "Precy". Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya kusemwa tu, kijana yule angekuwa wa kwanza shuleni. Sisi tunaofanya kazi hii tunakutana na Percy kila mwaka.

Katika Kiswahili disleksia inajificha, na hili walimu walishike. Kwa kuwa maandishi yetu yananyooka, mtoto mwenye disleksia anaweza hatimaye kusoma kwa usahihi, lakini polepole mno, kila neno ni jipya hata kama amelikuta mstari uliopita. Tahajia nayo inabaki dhaifu. Ukisubiri makosa mengi ya kusoma ndipo umpeleke, hutayaona. Angalia kasi, angalia imla, angalia kama baada ya mafundisho mazuri ya sauti kwa miezi kadhaa bado hasogei wakati wenzake wamesogea. Hapo tafuteni uchunguzi. Na kinachomsaidia ni hichohicho mnachokisema humu, sauti na herufi hatua kwa hatua, ila kwa marudio mengi zaidi na bila kumharakisha.

Baba Mlezi

Nikiunganisha na hapo. Binti yangu Kiswahili anasoma bila kukwama. Ukimuuliza alichosoma, hajui. Anasema "sijui, nilikuwa nasoma."

Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Mkuu, hicho ndicho chumba cha pili cha nyumba hii. Gough na Tunmer walitoa mwaka 1986 maelezo ambayo nimeyabandika ndani ya kabati langu: kusoma ni kutambua maneno mara kuelewa lugha. Ni kuzidisha, hakuna kujumlisha. Moja ikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata nyingine iwe kubwa vipi. Yule mtoto wangu wa kitabu kilichofungwa alikuwa na lugha tele, herufi sifuri. Binti yako herufi anazo. Tatizo liko kwenye moja ya mambo mawili.

Kwanza, pengine kusoma kwenyewe bado kunamchosha. Chukua kitabu, msomee wewe, umuulize. Akielewa ukimsomea na asielewe akisoma mwenyewe, basi lugha anayo, ila nguvu yote inaishia kwenye kufumbua herufi na hakuna inayobaki kwa ajili ya maana. Hapo anahitaji wepesi. Asome kifungu kifupi kilekile mara tatu au nne kwa siku chache mpaka kitiririke. Kurudia kwa namna hii ni tofauti na kukariri, kwa sababu macho yako kwenye maandishi, na kesho unampa kifungu kingine.

Na wepesi wa Kiswahili una jambo lake ambalo vitabu vya lugha nyingine havitufundishi. Maneno yetu ni marefu. "Hawakutufundisha" ni silabi saba. Mtoto anayetembea silabi kwa silabi anafika "sha" akiwa ameshaisahau "ha", na "ha" ndiyo iliyobeba kukanusha! Anakuambia "walitufundisha". Mimi naandika neno hilo kwa chaki za rangi: ha-wa-ku-tu-fundisha. Tunatafuta kwanza moyo wa neno, fundisha. Kisha tunavaa nguo moja moja: tufundisha, kutufundisha, wakutufundisha, hawakutufundisha. Kila nguo ina kazi yake. Baada ya wiki chache jicho linaanza kuona vipande badala ya silabi, na kusoma kunabadilika ghafla, kama mtoto aliyeacha kushika ukuta.

Pili, kama hata ukimsomea haelewi, basi rudi kwenye mazungumzo na hadithi. Msomee vitabu vilivyo juu ya uwezo wake wa kusoma. Simama katikati, muulize anadhani nini kitafuata, na usikubali "ndiyo" na "hapana".

Mwalimu Mgeni

Walimu, na kuandika kwa kutunga je? Nikiwaambia waandike chochote, wanakaa. Wakiandika, ni makosa matupu, na nikisahihisha yote daftari linakuwa jekundu, mtoto anaandika mistari miwili tu mara nyingine ili makosa yapungue.

Msahihishaji

Umejijibu kwenye sentensi ya mwisho. Mtoto amepiga hesabu: maneno machache, wekundu mchache.

Nilichofanya ni kutenganisha kazi. Kuna imla, hapo tahajia ndiyo kazi, sahihisha yote. Kuna mwandiko, hapo umbo la herufi ndilo kazi. Na kuna kutunga, ambako kazi ni kuwa na la kusema. Kwenye kutunga nilikuwa nasoma kwanza kama msomaji. Naandika chini swali la kweli: "Kaka yako alipoanguka ulifanya nini?" Mtoto anarudi kujibu, na insha inakua. Kosa nachagua moja tu, lile linalojirudia, ndilo tunalolifanyia kazi wiki ile.

Na yale makosa msiyachukie. Mtafiti Charles Read, miaka ya 1970 mwanzoni, alichunguza watoto wadogo waliokuwa wanajibunia tahajia kabla ya kufundishwa, akaona makosa yao yana mpango, wanaandika kile masikio yao yanachosikia. Mtoto anayeandika "bb" akimaanisha "baba" amesikia b zote mbili na anasubiri kufundishwa irabu. Anayeandika michirizi tu hajafika huko. Ukiwapa wote sifuri umepoteza taarifa ambayo ulikuwa unaihitaji.

Wanaokaa bila kuandika waache waseme kwanza. Kila mmoja amsimulie mwenzake, kwa mdomo, jambo lililomtokea. Kisha aandike sentensi moja ya alichosema. Mtoto asiye na la kuandika ni nadra, wengi wana la kusema wasijue kwamba ndilo linaloandikwa.

Mzee wa Chaki

Naunga mkono, ila nyongeza ya mkono wenyewe. Anayekamata penseli kwa ngumi anachoka kabla ya wazo kuisha. Tazameni vidole kabla ya kutazama insha.

Mama wa Watoto Watatu

Nimerudi, ni wiki tatu sasa. Visanduku tunafanya dakika kumi kila jioni, maneno manne tu. Jana kwenye imla kaandika "juu" sawa, "mzee" sawa, "kondoo" sawa. "Kaa" kaandika "kaaa". Nimemuuliza kwa nini, akasema aliisikia ndefu sana.

Msahihishaji

Dada, hilo ni kosa zuri mno. Sasa anasikiliza. Mpe visanduku vya "kaa", atairekebisha mwenyewe.

Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Nami nirudi kwa yule mtoto, maana wengi mmeniuliza kwa ujumbe.

Leo ilikuwa zamu yake kusoma alichoandika. Mistari mitatu, kuhusu ndege aliyejenga kiota kwenye dirisha la darasa. "Ndege amekaa ju ya dirisha. Ana majani mdomoni. Mwalimu asi fungue dirisha." Mnaona "ju" na "asi fungue", ndiyo, tutayafanyia kazi.

Alipomaliza nilimwomba asome tena, aanze na mstari wa mwisho kwenda juu. Nilitaka kuwa na hakika. Akaweka kidole chini ya "Mwalimu", akasoma wa mwisho, akapanda wa katikati, akapanda wa kwanza. Halafu akaniuliza kama dirisha nitalifungua.

Sijalifungua.